Punda naye anahitaji daktari bingwa

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Kwa niliyoyaona Suam, mpakani mwa Uganda na Kenya, sisi binadamu ndio tunaompa punda mateke.

Nilimkuta mama mmoja aliyerejea nyumbani baada ya kuishi miaka mingi ng'ambo ya mpaka. Mtaji wake ulikuwa punda mmoja na mzigo wa mahindi. Punda amelala chini, anagaagaa kwa tumbo. Daktari wa mifugo aliitwa akaja mbio, kisha akaniambia bila kuficha: "Mzee, mimi nimezoea ng'ombe." Kabla ya jua kutua punda alikuwa amekufa.

Simlaumu kijana huyo. Shahada ya udaktari wa mifugo, Makerere au Nairobi, ni ya miaka mitano, na humo mna ng'ombe, mbuzi, kuku, nguruwe na mbwa. Punda hawezi kupata nafasi ya kutosha. Naye si ng'ombe mdogo. Hacheui, hatapiki, na tumbo likimsokota anaweza kufa siku hiyo hiyo. Hata na farasi hawatibiwi sawasawa: baadhi ya dawa za maumivu hutoka mwilini mwa punda haraka zaidi, tena yeye huficha maumivu mpaka mambo yaharibike.

Ubingwa wa wanyama hawa unafundishwa. Marekani na Ulaya, daktari akishapata shahada hufanya kazi ya mafunzo hospitalini kwa mwaka mmoja, kisha hukaa chini ya mabingwa kwa miaka kama mitatu, ndipo afanye mtihani wa ubingwa. Hapa Afrika, Onderstepoort, kitivo cha Chuo Kikuu cha Pretoria, hutoa shahada ya uzamili katika tiba na upasuaji wa farasi.

Wapo watakaosema farasi ni mchezo wa matajiri. Sawa, lakini anayejua kwato, meno na tumbo la farasi yuko karibu zaidi na punda kuliko anayejua ng'ombe peke yake. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kama tumekubali asichinjwe, basi tukubali na atibiwe.

Naziomba serikali zetu zisomeshe madaktari wawili wawili, kwa mkataba wa kurudi kufundisha nyumbani. Wakirudi wakute eksirei na chumba cha upasuaji, la sivyo wataondoka tena. Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, mbunge akija kuomba kura, muulizeni habari ya punda.

Yule mama aliwalipa vijana wa bodaboda nusu ya mahindi yake ili wamvushie nusu iliyobaki. Hiyo ndiyo bei ya kukosa daktari.