Kitanzi Katika Nyumba ya Askari

Tumezoea katika ukurasa huu kuzungumza na ndugu zetu askari na polisi juu ya nidhamu, ulinzi wa mipaka na maendeleo ya nchi. Leo tunawaomba radhi tubishe hodi nyumbani kwao. Jambo tunalotaka kulitazama ni dogo kwa umbo lakini uzito wake ni mkubwa: ni kitanzi, yaani kile kipande cha plastiki chenye waya wa shaba ambacho mhudumu wa afya humwekea mwanamke ndani ya mfuko wa uzazi ili asishike mimba mpaka atakapotaka mwenyewe. Tunauliza kama nyumba ya askari inayotegemea vidonge haingefaa kukifikiria kitanzi badala yake.

Tunaanzia Rusizi, wilaya ambayo wengi bado wanaiita kwa jina la zamani, Cyangugu. Huko askari wa Rwanda hukesha akizitazama taa za Bukavu ng'ambo ya mto. Huko kuna vivuko vya Rusizi ya kwanza na Rusizi ya pili, ambako polisi huwaona kila alfajiri kina mama wachuuzi wakivuka na mabeseni ya nyanya na samaki. Kusini, upande wa Bugarama, nchi tatu zinakaribiana: Rwanda, Kongo na Burundi. Kazi ya mahali kama hapo haina saa, na likizo yake haina kalenda. Tena wako walio mbali zaidi. Tangu Julai 2021 wamekuwako wanajeshi na polisi wa Rwanda waliopelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, na wengine wametumikia Afrika ya Kati na Sudani Kusini, huku wake zao wakibaki Kamembe au vijijini na watoto na mashamba.

Sasa tukitazame kidonge katika nyumba hiyo. Kidonge ni dawa nzuri, wala hatusemi vinginevyo. Mwanamke akikimeza kila siku bila kukosa, kwa mwaka mzima hawatashika mimba hata mmoja katika 100. Lakini kwa namna watu wanavyokitumia hasa, pamoja na kusahau kwao na safari zao, hushika mimba wapatao 7 katika 100. Na mke wa askari hasahau tu kama wengine. Yeye ana sababu ya kuacha kwa makusudi. Mume ameondoka na kikosi, hajulikani atarudi lini, sasa vidonge vya nini? Anavifungia kabatini. Halafu Ijumaa jioni anasikia hodi mlangoni. Mume amepewa siku 4.

Usiku ule ule mke anafungua kabati, anameza kidonge kimoja, na moyo wake unatulia. Hapo ndipo lilipo kosa. Kidonge cha kawaida, kile cha homoni mbili, kikianzwa katikati ya mwezi wa mwanamke hakina budi kumezwa siku 7 mfululizo ndipo kiweze kutegemewa. Likizo inakwisha siku ya nne. Mume anarudi kikosini akiwa na furaha, na kidonge bado hakijaanza kazi. Maafande wengi wanaosoma hapa wakihesabu tarehe za kuzaliwa kwa watoto wao wataona zinakwenda sambamba na tarehe za likizo zao. Watoto hao tunawapenda. Lakini mama aliyepata mimba angali ananyonyesha ndiye ajuaye gharama yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na ushauri huo hautazami ratiba ya kikosi.

Yako na mengine yanayodhoofisha kidonge. Mwenye kutapika au kuharisha sana hawezi kukitegemea siku zile. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hukipunguza nguvu. Mwenye shinikizo la damu, au mvutaji wa sigara aliyepita miaka 35, huambiwa aache kile cha homoni mbili. Na kile cha homoni moja wanachopewa wanaonyonyesha, katika aina zake za kawaida, hutaka kumezwa saa ile ile kila siku, kisichelewe zaidi ya saa 3. Askari wa kike aliye lindo la usiku wiki hii na la mchana wiki ijayo atuambie mwenyewe kama anaweza.

Kitanzi hakimtaki mtu kukumbuka kila siku. Mwanamke huwekewa mara moja, na kile cha shaba cha umbo la herufi T kinachotumika sana duniani hufanya kazi hata miaka 10. Katika mwaka wa kwanza hushika mimba chini ya mmoja katika 100. Hakina homoni; shaba yenyewe huzidhoofisha mbegu za mwanamume zisilifikie yai, kwa hiyo si kweli kwamba kinatoa mimba. Mwanamke akitaka mtoto, kinaondolewa na uwezo wake wa kuzaa unarudi mara moja. Anaweza kuwekewa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kabla hajatoka hospitali, au akangoja wiki 4 zipite. Iko pia aina yenye homoni, ambayo hupunguza damu ya mwezi.

Jina lake, tukubali, ni baya. Mwaka 1962 daktari wa Marekani, Jack Lippes, alitoa kifaa cha plastiki kilichojipinda kama nyoka, nacho kikajulikana Tanzania kwa jina la lupu. Umbo limebadilika, jina la kitanzi limebaki, na anayelisikia mara ya kwanza hufikiria kamba ya kunyongea. Wanyarwanda wamebahatika zaidi: wao husema agapira, na wakitaka kukitofautisha na kile kijiti kinachowekwa mkononi huongeza ko mu mura. Sifa yake nayo iliharibiwa na kosa la kweli. Katika miaka ya 1970 kitanzi kimoja cha Marekani, Dalkon Shield, kilileta maambukizo na vifo kwa sababu uzi wake ulifumwa kwa nyuzi nyingi zilizobeba vijidudu. Kiliondolewa sokoni mwaka 1974. Vya leo vina uzi mmoja laini, lakini hofu ya siku zile haijaisha, na imejizalia uvumi: kwamba kitanzi hupanda mpaka moyoni, kwamba mtoto huzaliwa amekishika mkononi, kwamba humchoma mume. Mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda moyoni. Na mume akiuhisi uzi, mhudumu huukata ukawa mfupi.

Rwanda imekwenda mbali katika jambo hili la uzazi wa mpango. Ofisi ya Taifa ya Idadi ya Watu, ONAPO, iliundwa mwaka 1981. Utafiti wa 1983 ulikuta mwanamke mmoja huzaa kwa wastani watoto 8.5. Mwaka 2005 walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa 10 tu katika 100. Katika utafiti wa 2019-20 walikuwa 58, na wastani wa watoto umeshuka hadi 4.1. Sindano na vijiti vya mkononi ndivyo vilivyobeba mabadiliko hayo. Kitanzi kimebaki nyuma kabisa: utafiti wa 2014-15 ulikuta kati ya walioolewa 100 wapatao 8 wanatumia vidonge, na mmoja tu kitanzi. Sababu moja ni kwamba kidonge huletwa hadi kijijini na mjumbe wa afya, lakini kitanzi hutaka mkono uliofundishwa, chumba safi na vifaa vilivyochemshwa. Sababu nyingine ni wanaume, nasi tutaisema wazi.

Makambini hunong'onwa hivi. Askari amerudi baada ya mwaka mzima ugenini. Anakuta mkewe amewekewa kitanzi. Hasemi neno siku ya kwanza. Ya pili anauliza: mimi sikuwapo, ulikuwa unamzuia nani? Ndoa kadhaa tunazozijua zimeingia ufa kwa swali hilo, na mwanamke aliyekuwa akijitunza vizuri amejikuta akijitetea kama mshitakiwa.

Jibu letu ni fupi. Alikuwa anakungoja wewe. Hakuambiwa siku utakayokuja, kama vile mlinzi haambiwi saa atakayokuja adui, na ndiyo maana lindo huwekwa kabla. Kitanzi cha miaka 10 hakihesabu usiku gani mume yupo na usiku gani hayupo. Polisi anayetusoma anajua kuliko sisi kwamba kitu kilichokutwa ndani ya nyumba si ushahidi wa kosa mpaka kiunganishwe na kosa lenyewe. Mbona ofisini anaijua sheria hiyo, na akifika nyumbani anaisahau?

Tumesikia pia, na aibu ni yetu sote wanaume, kauli ya kwamba mimba ndiyo kufuli bora: mwache mkeo mjamzito, nenda kazini ukiwa na amani. Kauli hiyo tunaikataa kabisa. Mwenye kusema hivyo hana mke, ana mfungwa, na anamfunga kwa mwili wake mwenyewe na kwa mtoto ambaye hakuulizwa. Na anayepindukia upande wa pili, anayeamuru mkewe akawekewe kitanzi kesho asubuhi kwa kuwa amesoma gazetini, naye amekosea vilevile. Cheo huachwa mlangoni pamoja na viatu. Mwanamke ndiye atakayekibeba kifaa, ndiye atakayevuja damu, ndiye atakayekubali au kukataa. Na askari wa kike halazimiki kumweleza mkuu wake njia anayotumia.

Damu hiyo tumeitaja makusudi, kwa maana hatupendi kuuza kitu kwa kuficha kasoro zake. Kitanzi cha shaba huongeza damu ya mwezi na maumivu ya tumbo, hasa miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Wengi huzoea, wengine huomba kitolewe, na wana haki. Mwenye upungufu mkubwa wa damu amwambie mhudumu mapema. Kinaweza kutoka chenyewe, zaidi katika miezi ya mwanzo, ndiyo sababu mwanamke hufundishwa kuugusa uzi wake mara kwa mara. Ni nadra, yapata mara moja katika 1,000, kukitoboa kizazi wakati wa kuwekwa. Na hakiwekwi kwa mwenye mimba, mwenye maambukizo ya njia ya uzazi, wala anayetokwa damu isiyojulikana chanzo chake.

Liko moja zaidi, na hili linamhusu mume kuliko mke. Kitanzi huzuia mimba tu. Hakizuii ukimwi, kisonono wala kaswende. Hatari ya maambukizo kupanda ndani ya kizazi ni kubwa zaidi katika siku 20 hivi za kwanza baada ya kuwekwa, ikiwa mwanamke alikuwa tayari na kisonono au klamidia. Alikipata wapi? Mara nyingi kiliingia nyumbani katika begi la safari. Askari aliyekaa miezi mingi katika mji wa mpakani au ugenini, na ambaye dhamiri yake haijatulia, akapimwe kabla ya kumgusa mkewe, na atumie mpira wa kondomu mpaka majibu yatoke. Kumwachia mke kitanzi na ugonjwa kwa pamoja ni kumtendea vibaya zaidi kuliko kumwachia mimba.

Kwa wanaokusudia kwenda, mambo machache ya kujua. Kitanzi huwekwa katika kituo cha afya na mhudumu aliyefunzwa. Mjumbe wa afya wa kijiji hakiweki, ila ataonyesha njia. Vituo vilivyo chini ya Kanisa Katoliki, na mkoa wa Magharibi unavyo vingi, havitoi njia za kisasa, kwa hiyo serikali imejenga vituo vidogo jirani navyo kwa kazi hiyo. Mama asikate tamaa akiambiwa hapana kwenye mlango wa kwanza. Aulize mapema ni siku gani anayeweka vitanzi yuko kazini, maana hayuko kila siku kila mahali, na safari ya miguu kutoka kijiji cha mlimani si mchezo. Achukue kadi yake ya bima. Atatakiwa kurudi baada ya wiki 3 hadi 6 kuangaliwa; akipata homa, maumivu makali ya tumbo, au asiposhika uzi, asingoje siku hiyo, aende mara moja, na kituo kitampeleka hospitali ya wilaya kama ile ya Gihundwe ikibidi.

Na kama siku ya kuwekewa itaangukia katika zile siku 4 za likizo, afande amsindikize, ambebe mtoto mdogo, na aketi nje kwenye benchi pamoja na wanaume wengine wachache watakaokuwapo.