Muhogo Mchungu na Seli Zinazojiua
Ukipita Kakonko watu wakiwa wameloweka muhogo, harufu hukufikia kabla hujaiona ndoo: uchachu mkali, vipande vimelainika hadi nyuzi zachomoka kwa vidole. Harufu hiyo naipenda, maana najua inachoondoa. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, na mzizi ukipondwa kemikali hiyo hutoa sianidi. Sumu hiyo hukaba kimeng'enya ndani ya mitokondria, kile kinachoiwezesha seli kutumia oksijeni. Maabara imeonyesha kwamba seli za neva zikipata sianidi nyingi hupasuka. Zikipata kiasi kidogo, baadhi hutii amri ya kufa iliyomo ndani yake zenyewe: hunywea, zikakatakata DNA yake, zikamalizika kimyakimya. Tarime, mwaka 1985, ukame uliwalazimisha watu kufupisha maandalizi ya muhogo, wakapatwa na konzo: miguu hukakamaa ghafla, na tiba ya kuirudisha haipo. Basi njaa ikibana, tafadhali, siku tatu za kuloweka zisipunguzwe hata moja. Na unga ukiutilia shaka, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba kivulini saa tano, sianidi iliyobaki ipae, ndipo usonge ugali siku hiyohiyo.