Dhamana Isiyovuka Bahari

Mama anunuaye viazi katika soko la Karatina hakubali gunia lililoshonwa mdomo. Atalifungua, atapenyeza mkono hadi chini, na akiisha kulipa atauweka moyoni uso wa muuzaji na mahali alipoketi, ili kesho yake, akikuta nusu ya viazi vimeoza, ajue pa kurudi. Hiyo ndiyo busara ya soko. Ni ajabu basi kwamba mwalimu aliyemfunza mwana wa mama huyo hesabu hutuma mshahara wa mwezi mzima ng'ambo kununua simu pasipo kujiuliza swali moja tu: ikiharibika, nitarudi wapi?

Sisemi haya kwa kumcheka mtu, kwani mimi mwenyewe nimo miongoni mwa walioumia. Niliagiza simu kutoka Marekani, mpya, isiyofungiwa mtandao wowote, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko za madukani mwetu hapa Nyeri. Baada ya miezi minne betri ikaanza kuvimba. Nikapanda matatu hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 150 hivi, risiti mkononi. Mhudumu akaiangalia namba ya utambulisho wa simu, akanieleza kwa upole kwamba dhamana yangu ilikuwa halali, ila si katika nchi hii. Nilipomwandikia muuzaji, alinitaka niirudishe kwa gharama yangu. Nilipoipeleka kwa wasafirishaji, walikataa katakata kuipokea, kwani betri ya lithiamu yenye hitilafu huweza kuwaka moto ndani ya ndege. Ikawa nina haki niliyoandikiwa, lakini haki yenyewe iko ng'ambo ya bahari.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya mambo mawili yasiyo na udugu. Simu isiyofungiwa mtandao ni ile inayopokea laini ya kampuni yoyote, basi. Haina maana kwamba itatengenezwa popote. Watengenezaji wengi huigawa dunia katika kanda, na simu iliyouzwa katika kanda moja haihudumiwi bure katika nyingine. Tena hata huko kutofungiwa kuna mipaka yake. Simu za iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 2022 hazina kabisa tundu la kutia kadi ya laini. Hutumia laini ya kielektroniki peke yake. Mnunuzi asiyelijua hilo ataigeuza simu yake huku na huko akitafuta tundu ambalo halikuwekwa.

Je, sheria haimlindi? Humlinda, lakini inapoweza kumfikia muuzaji. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kutokana na kasoro yake. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu kila muuzaji kuwa amedhamini ubora wa anachouza, hata kama hakutamka neno. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyaamua katika muda wa siku 60. Mwenye duka mjini Nanyuki au Kerugoya huweza kuitwa mbele ya mahakama hiyo. Muuzaji aliyeko ng'ambo, usiyemjua ila kwa jina la duka lake kwenye intaneti, utamwita kwa tarumbeta gani?

Najua nitaambiwa kwamba wauzaji wa hapa nao si malaika. Ni kweli. Mwishoni mwa Septemba 2012, simu bandia zilipozimwa nchini, wengi waliobaki na vifaa vilivyokufa mikononi walikuwa wamevinunua humu humu. Tena kuna maduka ambayo dhamana yake hukoma mnunuzi avukapo kizingiti. Hata hivyo, mdanganyifu mwenye mlango ni afadhali kuliko mwaminifu asiye na mlango, kwani wa kwanza waweza kumrudia hata mara saba.

Lawama nyingine nawatupia watengenezaji. Baadhi yao wanauza simu zao Embu, Meru na Othaya, lakini mwenye hitilafu humtaka asafiri hadi Nairobi. Nauli ya kwenda na kurudi, ikijumlishwa na siku ya kazi iliyopotea, huila dhamana yote kabla fundi hajaigusa simu. Kampuni inayotaka fedha za watu wa Mlima Kenya na ifungue kituo cha matengenezo huku huku Mlima Kenya.

Kwa sasa, atakaye kuagiza na aagize, lakini macho yakiwa wazi. Aulize kwanza, tena kwa maandishi, kama dhamana inatambuliwa Kenya, na nani atakayelipa gharama ya kurudisha. Akiipokea simu, abonyeze *#06# na kulinganisha namba itokeayo na iliyo kwenye kasha. Atunze risiti na hati za ushuru. Kisha aiongeze juu ya bei gharama ya kuitengeneza kwa fedha zake mwenyewe. Ikiwa bado ni nafuu, na anunue.

Nanyi walimu wa somo la biashara, leteni darasani karatasi ya dhamana ya simu, ile yenye maandishi madogo, wanafunzi waisome mstari kwa mstari. Simu si pambo tena: ndani yake mna akiba, masomo na maombi ya mikopo ya chuo. Kijana anayejua kukokotoa riba lakini asiyejua kuuliza "nitarudi wapi?" bado hajafikia elimu ya yule mama wa Karatina.