Mti wa Maua Wataka Mwenyewe

Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mzee mmoja wa skimu kutafuta miche ya parachichi. Karibu na mlango palikuwa na mikebe ya miche ya kibobakasi, mti ambao wengi wetu huuita Nandi Flame, niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu. Akauliza ni miche ya nini. Nilipomwambia alicheka sana, kisha akasema, "Karani, mimi nina ekari tatu na wana wanne. Mti usioliwa wala kuuzwa nitauweka wapi?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Namjibu leo katika gazeti hili, maana najua hayuko peke yake.

Neno lake si la upuuzi. Watu wetu walipoanza kugawiwa mashamba ya skimu mwaka 1962, kila shamba lilikuja na deni lake, na mahindi na maziwa ndiyo yaliyolilipa. Tangu hapo baba amegawia wana, na wana wamegawia wana wao, hata vipande vimekuwa vidogo. Siwezi kumwambia mtu wa ekari moja apande safu ya mijakaranda kutoka nyumbani hadi barabarani kama walivyofanya masetla. Nasema mti mmoja, au miwili, mahali ambapo jembe halipiti. Mahali hapo pako katika kila boma: kando ya lango, nyuma ya kibanda cha ndama, au ile kona ambayo kuku wameifanya jangwa.

Tena si kweli kwamba mti wa maua hauleti kitu. Lusiola, ambao Wajaluo huuita siala, hutoa maua ya manjano yapendwayo na nyuki, na matawi yake ni fito za kuegemeza maharagwe na nguzo za kujengea. Omurembe, wenye maua mekundu wakati ambapo hauna hata jani moja, hauhitaji kununuliwa: kata tawi nene kama mkono, lichomeke ardhini mvua zinapoanza, nalo litashika. Wazee wa Kiluhya waliuheshimu mti huo hata wakaapa kwao. Lakini watoto waonywe wasile mbegu zake nyekundu, kwa kuwa zina sumu. Huko Kinangop na Ol Kalou kwenye baridi kali, jakaranda huungua na jalidi ingali changa. Watu wa huko heri wapande mukeu, ambao ni mti wa milimani, wenye maua mengi na asali nzuri.

Hata hivyo sitaki kuutetea mti kwa fito na asali tu. Katika skimu yetu yuko mama mmoja mjane ambaye kibobakasi chake kilipandwa na marehemu mumewe mwaka ule walipopewa shamba, wakati walipokuwa wakilala katika kibanda cha mabati. Mwaka juzi wanawe walitaka kukikata wachome makaa. Mama aliwaambia wauze ng'ombe wake kwanza. Waliona haya, wakaacha. Nilikwenda pale kuandika habari za chanjo ya ng'ombe, nikakuta kiti chake kiko chini ya mti huo, na wajukuu wakirushiana maji ya machipukizi ya maua kama tulivyofanya sisi tukiwa shuleni. Mtu akiniuliza faida ya mti ule kwa shilingi, sina hesabu ya kumwonyesha.

Basi jambo linalonisumbua mimi si kwamba watu hawapandi. Wanapanda, halafu wanaondoka. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitoa siku ya mapumziko ili nchi nzima ipande miti. Mimi nilipanda pamoja na wenzangu mahali fulani, tukapigwa picha. Nilipopita tena baada ya kiangazi niliona mashimo mengi na miti michache. Hakuna aliyekuwa ameambiwa, "Huu ni wako." Mti mchanga ni kama ndama: usipokuwa na mtu wa kuuamkia, hufa.

Na mimi mwenyewe sina haki ya kujisifu. Nilipojenga kwangu nilipanda jakaranda nzuri mno. Ikakua miaka miwili, ikanipita kimo, kisha usiku mmoja wa upepo ikaanguka yote. Nilipoitazama niliona mfuko wa plastiki bado umeifunga, na mizizi imejizungusha ndani yake kama kamba kwenye kigingi. Nilikuwa nimeupanda mche pamoja na mfuko wake kwa sababu ya haraka. Nami ni mtu wa ofisi ya kilimo! Bibi yangu hunikumbusha mpaka leo.

Kwa hiyo pasua mfuko, na kama mizizi imejikunja chini, ikate ile iliyojikunja. Shimo liwe futi 2 kwenda chini na futi 2 upana. Udongo mweusi wa juu uweke kando, uuchanganye na debe la samadi iliyooza kabisa, kisha uurudishe kwanza chini penye mizizi. Panda mvua ndefu zikishatulia, si siku ya manyunyu ya kwanza. Tandaza majani makavu kuuzunguka mche, lakini yasiguse shina, kwa maana mchwa hupitia humo. Wengi hunyunyiza majivu pia. Kisha jenga ua wa miti na miiba siku iyo hiyo, wala usingoje kesho, kwa sababu mbuzi hangoji. Kiangazi cha kwanza ndicho cha kuogopwa. Nusu debe mara mbili kwa wiki inatosha, na maji ya kuoshea mboga yafaa. Mpe mtoto mmoja kazi hiyo na mti uitwe kwa jina lake, utaona kama atasahau.

Kibobakasi kipandwe hatua kumi na mbili au zaidi kutoka kwenye nyumba, kwa sababu matawi yake huvunjika upesi kwa upepo. Jakaranda nayo isiwe karibu na mfereji wa paa kama unateka maji ya mvua, maana vijani vyake vidogo huziba kila kitu. Na ule mti wa ua wenye maua ya manjano kama kengele, majani membamba na utomvu mweupe, ambao mbuzi hawaugusi, nawaomba wenye watoto wadogo wasiupande. Mbegu zake huua.

Mzee yule wa parachichi akisoma haya, miche yangu ingali mlangoni. Anaweza kuchukua miwili bila malipo, lakini mikebe airudishe.