Wenye Malori, Fungueni Macho Kabla ya Kufunga Kamera

Saa tisa za usiku, lori lenye shehena ya Lubumbashi linapoiacha Ruaha Mbuyuni na kuanza kuupanda Mlima Kitonga, aliye macho ndani yake ni dereva peke yake. Tingo amelala. Tajiri naye amelala, huko Dar es Salaam. Siku hizi, hata hivyo, yumo mlinzi mwingine: kamera ndogo iliyobandikwa juu ya dashibodi. Hupima kope za dereva zimefumba kwa muda gani, humwona akiinamisha kichwa au akishika simu, na hupiga kelele kabla gari halijahama njia. Hiyo ni akili mnemba, nayo imekwisha kuingia katika biashara ya malori. Mimi naikaribisha kwa mikono miwili. Lakini nina neno kwa wenye magari, na ninaomba nisikilizwe.

Naikaribisha kwa sababu najua tulikotoka. Zamani tajiri alijua gari lake liko wapi pale tu dereva alipopata simu. Kisha kikaja kifaa cha kufuatilia, gari likawa nukta inayotembea kwenye ramani. Nukta ile ilisema gari lilipo, haikusema lina hali gani. Programu za leo hulinganisha mafuta ya safari hii na ya safari nyingi zilizopita za gari lile lile, kwa mlima ule ule na mzigo unaokaribiana. Husoma joto la injini, upepo wa tairi na nguvu ya betri, zikamwambia fundi kwamba kipuri fulani kinaelekea kufa. Kikibadilishwa gereji kabla ya safari, ni kazi ya asubuhi moja. Kikifa porini baada ya Nakonde, gari hulala siku kadhaa na mzigo wa watu mgongoni. Vilevile zipo programu za kumtafutia mwenye gari mzigo wa kurudi nao, ili lori lililopeleka bidhaa Kongo lishuke na shaba badala ya kurudi tupu. Faida hizi ni za kweli, na anayezipuuza atashindwa sokoni.

Neno langu ni hili: mashine imeelekezwa kumtazama mtu mmoja tu, naye ni yule aliyeshika usukani.

Kamera inaposema dereva amesinzia, huenda imesema kweli. Haikusema kwa nini amesinzia. Huenda alikaa foleni ya Tunduma siku mbili, akilala kwa kushtukashtuka ili gari la nyuma lisimpite, na mpaka ulipofunguka akapigiwa simu kwamba mteja analalamika, akaze mwendo afidie siku zilizopotea. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 za kazi kwa siku, inataka mapumziko ya saa nzima baada ya saa 5 mfululizo, na hata kwa saa za ziada haimruhusu mtu kuvuka saa 12 kwa siku. Ulaya, dereva wa lori hupumzika dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu za kuendesha. Marekani hawezi kuendesha zaidi ya saa 11 kabla ya kupumzika saa 10, na tangu Desemba 2017 saa hizo huandikwa na kifaa kilichounganishwa na injini. Kwetu kifaa kinachoweza kuandika saa hizo tayari kimo ndani ya gari. Kwa nini basi taarifa inayofika mezani kwa meneja inataja kusinzia, bila kutaja saa ambazo mtu huyo amekuwa barabarani? Kengele humshtua mtu. Haimpi usingizi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, na aliye ofisini ndivyo anavyouona mzigo wa dereva. Mafuta yakizidi hesabu, huwaza mwizi kwanza. Wizi wa mafuta upo, sikatai, na umewafilisisha watu. Lakini lori hunywa mafuta pia kwa sababu ya tairi zilizopungua upepo, chujio la hewa lililoziba, au breki inayoshika magurudumu. Mashine imeleta namba tu, maana yake lazima itafutwe na mtu. Na dereva aliyebanwa kwa kipimo cha mafuta kisichowezekana hushawishika kuteremka na nyutro. Wazia tani 56, kiwango cha juu cha sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya 2016, zikiushuka Kitonga kwa nyutro, breki zimekwisha kupata moto!

Nyingi ya programu hizi zimetengenezwa na kufunzwa katika nchi zenye barabara kuu zisizo na matuta. Kwetu barabara hupita katikati ya vijiji. Dereva hukanyaga breki ghafla kwa ajili ya tuta lisilo na alama, bodaboda aliyechomoza, au mtoto anayekimbiza mbuzi. Mashine huandika: breki kali, punguza alama. Yule aliyemwokoa mtoto hufika mwisho wa mwezi na alama mbaya, na mahali pengine posho huenda kwa alama hizo. Hili ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Tena kibanda cha lori ni chumba cha kulala cha mtu kwa wiki nyingi. Kamera ya ndani izimwe gari linapoegeshwa, dereva avue shati lake kwa amani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi mzito juu yake usifanywe na mashine peke yake. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2024, umekataza mashine za kusoma hisia za wafanyakazi kazini, isipokuwa kwa ajili ya afya au usalama. Hata hao waliotutangulia katika teknolojia wameona haja ya kuweka mpaka.

Ndugu zangu madereva, msiifunike kamera kwa kitambaa. Ombeni kuiona taarifa yenu, jifunzeni kuisoma, na siku mkionewa iwe shahidi wenu. Anayegongwa na mlevi na kisha kulaumiwa yeye, kamera ndiyo itakayomtetea.

Nanyi wenye magari, mnapokwenda kuinunua mashine, ulizeni kama sauti yake ya onyo inasema Kiswahili, na kama dereva anaweza kupinga alama aliyopewa mbele ya binadamu mwenzake. Itakapowaletea jina la dereva aliyesinzia saa tisa za usiku, kabla hamjamwandikia barua ya onyo, fungueni kwanza ratiba mliyompa, mkahesabu saa alizolala.