Maumivu ya hedhi yanayomlaza binti kitandani

Ndugu msomaji, yapo maradhi ambayo majumbani mwetu huitwa "chango", na tiba yake imekuwa ni subira pamoja na maneno haya: "Akiolewa na kuzaa yatakwisha." Binti hukosa shule kila mwezi, hutapika na kujikunja kitandani, naye mama humfariji kwa kumwambia kuwa hata yeye alipitia hayo hayo.

Maumivu ya kiasi wakati wa hedhi ni jambo la kawaida. Ama yale yanayomzuia mtu kusoma au kufanya kazi, hayo huenda yakawa dalili ya endometriosisi. Katika maradhi haya, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake: kwenye ovari, mirija ya uzazi, utumbo au kibofu, zikaleta uvimbe na makovu. Wengine huumia wakati wa haja au tendo la ndoa. Wengine huchelewa kupata mimba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana wenye umri wa kuzaa, nao wengi hukaa miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Ndoa si dawa yake, wala ujauzito hauyaponyi.

Mwanamke wa Kiislamu tayari huhesabu siku zake kwa ajili ya swala na saumu. Basi katika hesabu hiyo na aongeze haya: maumivu yalianza lini, yalimzuia kufanya nini, na dawa gani ilimsaidia. Daftari hilo litamweleza daktari mengi. Ikiwa fiqhi imetufundisha kuizungumzia hedhi kwa uwazi, hapana aibu kuieleza hospitalini.

Huko aombe rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Altrasaundi yaweza kuonyesha uvimbe kwenye ovari, lakini isipoonyesha kitu haimaanishi kuwa ugonjwa haupo. Wakati mwingine huhitajika kipimo cha MRI au upasuaji wa matundu madogo. Tiba ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Hata hivyo, dawa za maumivu, dawa za homoni na upasuaji huwapa wengi nafuu. Dawa nyingi za homoni huzuia mimba wakati zinapotumika, hivyo anayetafuta mtoto amweleze daktari mapema.

Neno la mwisho ni kwetu akina baba na waume, kwani nauli na gharama za vipimo mara nyingi zimo mikononi mwetu. Kabla ya kumwita binti mvivu, au kumlaumu mke kwa kukosa mtoto, tumpeleke hospitali, na tuketi naye mbele ya daktari tusikie.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.