Jiwe Lina Jina la Marehemu. La Fundi Je?

Wadau, leo najishtaki mwenyewe.

Juzi nilimrekodi mzee mmoja anayechonga mawe ya makaburi kando ya barabara, nje kidogo ya Nyeri mjini. Anachora herufi kwa penseli, anarudi nyuma anatazama, ndio anashika nyundo na tindo. Kwa jiwe hakuna kufuta. Herufi moja ikimeguka, hasara ni yake.

Video ikatembea. Mimi nikapata wafuasi, yeye akapata kejeli: eti hiyo ni kazi ya waliofeli shule. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo hiyo iliniuma. Na si kweli: NITA humpima fundi wa uashi kwa mtihani wa gredi, kuanzia ya 3 hadi ya 1. Huo ni ujuzi, jameni.

Lakini kilichonimaliza ni swali la mtu mmoja: "Guka anaitwa nani?" Nilikaa kwake asubuhi nzima na sikumuuliza.

Ni tabia yetu. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alifariki tarehe 8 Januari 1941 na kaburi lake liko hapa Nyeri, kanisa la St Peter's. Maskauti hutoka mbali kuja kuona jiwe lenye duara na nukta katikati, alama ya njiani inayosema mwenzenu ameshaenda nyumbani. Aliyelala pale tunamjua. Aliyeshika tindo, nani humuulizia?

Ulaya ya enzi za kati, mafundi walichonga alama zao kwenye mawe waliyokata, na nyingine zingali kwenye kuta za makanisa. Basi wetu nao waandike majina, madogo tu, pale chini pembeni.

Utasema jina halijazi sufuria. Linajaza. Mteja akipenda kazi atamtafuta nani kama jiwe halisemi? Atampata dalali mwenye simu, na fundi atabaki na vumbi kifuani.

Jumamosi nilirudi. "Guka, samahani, sikukuuliza jina." Akacheka: "Kijana, hapa naitwa Fundi tu. Hata wewe ulikuwa unaniita hivyo."

Kwa ruhusa yake, jina sasa liko mwanzo wa ile video. Na wewe ukiita fundi kesho, muulize jina kabla ya bei.